Kompyuta Imezeeka, Nipige Mfumo Gani? Anza na Dalili

Kila wiki kuna mtu anaweka laptop juu ya meza yangu na kusema, "Fundi, nipigie Windows, imekuwa nzito." Hapo ameshajipima na kujiandikia dawa mwenyewe. Dalili anayoieleza huwa ya kweli, lakini dawa mara nyingi siyo. Nimepokea mashine iliyopigwa Windows mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila mara mwenyewe akipoteza picha na mafaili yake, kumbe diski ilikuwa inakufa tangu mwanzo. Hilo linaniuma, ndiyo maana naandika haya.

Kabla ya kugusa chochote nauliza maswali mawili. Mashine hii inafanya kazi gani siku hadi siku? Na inapokuwa nzito, ndani yake kimejaa nini? Swali la kwanza ndilo linalochagua mfumo endeshi. La pili linakuonyesha kama kubadili mfumo kutasaidia lolote.

"Inawaka kwa dakika tano, kila kitu kinasuasua"

Mwalimu mmoja wa sekondari, mama wa makamo, aliniletea Dell Latitude E6410.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Naomba unipigie Windows 11. Hii iliyopo inanichelewesha na mitihani ni wiki ijayo."

Nikamkaribisha kiti, tukaiwasha pamoja. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa mpigo mmoja, Task Manager ikafunguka. Prosesa ilikuwa asilimia 7. RAM ilikuwa imetumika GB 2.6 kati ya 4. Diski ilikuwa asilimia 100, imeganda hapo hapo, na mwalimu hakuwa amefungua programu hata moja.

Ukiona namba za namna hiyo, prosesa haina kosa, imekaa inaisubiri diski. Diski ya kawaida ya laptop huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kila kifaili kinapoitwa, kichwa cha kusomea lazima kihame kisha kisubiri sahani ifike. Windows 10 ikiwaka inaita maelfu ya vifaili, na bado inajipa kazi zake yenyewe: kuorodhesha mafaili, kukagua virusi, kushusha masasisho. Ukipiga Windows upya kwenye diski ile ile, mashine itachangamka wiki mbili kisha itarudi pale pale.

Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Mstari wa Current Pending Sector haukuwa sifuri. Maana yake zipo sehemu za diski ambazo data yake imeshindwa kusomeka. Ukikuta hivyo, usipige mfumo wowote kwenye diski hiyo, na usiendelee kuiwasha kwa kutumia Windows iliyomo. Washa mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo endeshi mwingine usio Windows, nakili mafaili kwenda diski ya nje ukianza na yale yasiyopatikana kwingine, kisha ndipo ubadilishe diski. Ukiwa ndani ya Linux, amri ya kupima ni `sudo smartctl -a /dev/sda`. Tazama mstari huo pamoja na ule wa Reallocated Sector.

SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, ya SATA ya inchi 2.5 inakaa kwenye nafasi ile ile ya diski ya zamani, na ya GB 240 inamtosha mtu wa kazi za kawaida. Mteja akiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu, namwambia SSD kwanza, RAM baadaye. Mashine yenye GB 2 tu ndiyo pekee ninayoanza nayo kwa RAM.

Kama diski imetulia ila RAM imejaa, tatizo ni la kivinjari karibu kila mara. Hesabu kurasa zilizofunguliwa. Kama prosesa ndiyo iliyojaa na feni inapiga kelele, fungua kava uone vumbi kabla ya kufikiria mfumo. Laptop inayojizima baada ya dakika ishirini za video ina joto. Kusafisha feni na kubadili pesti ya prosesa kunaimaliza dalili hiyo, na hakuna Windows wala Linux itakayoimaliza.

"Windows 11 imekataa"

Soma namba ya prosesa. i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6. Mashine ya mwalimu ilikuwa na i5-520M: tarakimu tatu tu, yaani kizazi cha kwanza, cha mwaka 2010. Kwa Windows 11 Microsoft inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka), RAM GB 4, diski GB 64, na prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache za kizazi cha 7, au Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. HP EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460, ambazo zimejaa kwenye maduka ya laptop za mtumba, ni kizazi cha 6. Zote ziko nje ya orodha.

Rufus, programu ya kuandaa flashi za kusakinishia, inaweza kukutengenezea flashi inayoruka ukaguzi huo. Kwenye kizazi cha 6 chenye SSD na RAM GB 8, Windows 11 itatembea vizuri tu. Ila sasisho kubwa la kila mwaka halitakuja lenyewe, itabidi ulilazimishe kwa mkono, na Microsoft haikuahidi kwamba mashine ya aina hiyo itaendelea kupata masasisho. Kwa mtu anayeijua kompyuta yake, sawa. Kwa mwenye duka ambaye hana muda, simshauri. Kwenye Core 2 Duo usijaribu kabisa, kwa sababu toleo la 24H2 linadai amri ya prosesa iitwayo POPCNT, na Core 2 hawana. Haitawaka.

Windows 10 ilifikishwa mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Mtumiaji wa nyumbani anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama ya ziada hadi 13 Oktoba 2026. Ama anaingia na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake huko bila malipo, ama anatoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, ama analipa dola 30 mara moja. Leseni iwe halali. Windows iliyoamshwa kwa kidude kinachokutaka uzime kinga ya virusi kwanza, mimi naihesabu kuwa imeshaambukizwa hadi nithibitishe vinginevyo.

Kazi ndiyo inayochagua

Muulize mtu anafungua programu gani akifika kazini, na umwombe akuonyeshe. Wengi watasema "mambo ya ofisi tu", kisha ukitazama unakuta Tally, programu ya hesabu za biashara. Tally imeandikwa kwa ajili ya Windows. Vivyo hivyo Publisher, ambayo stationery nyingi hutumia kwa kadi za harusi na vipeperushi. Ipo Wine, inayoendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, na nimeshaona ikifanya kazi nzuri. Lakini siwezi kumwekea mtu hesabu za biashara yake juu ya kitu ambacho sasisho moja linaweza kukivuruga. Huyo abaki na Windows 10 yenye masasisho ya ziada, aanze kuweka akiba ya mashine ya kizazi cha 8.

Anayeandika, anayesoma PDF, anayefungua barua pepe na YouTube na kujaza fomu za serikali mtandaoni, na mashine yake ina GB 4, nampa Linux Mint, moja ya aina za Linux, yenye mwonekano mwepesi wa Xfce, bila kusita. Matoleo ya 22 yana masasisho hadi 2029. Kuna jambo moja zaidi linalowagusa wenzetu wa bando la kupimia: Mint haishushi masasisho yenyewe mpaka uiruhusu, inakuonyesha orodha ukachague siku na muda. Ubuntu ya kawaida, aina nyingine ya Linux, ina programu za aina ya snap ambazo hukagua masasisho mara nne kwa siku, na bando la usiku linaweza kuisha hujui limeenda wapi. Kwa aliyebaki kwenye Windows 10, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi ndani ya Windows, uiwekee Wi-Fi inayotoka kwenye simu yake alama kwamba muunganisho huo unapimwa (metered), masasisho mengi yatasubiri.

ChromeOS Flex, mfumo wa Google, nayo inasifiwa sana kwa mashine za zamani. Ni nyepesi na haina usumbufu, inahitaji RAM GB 4, lakini inafuta diski yote, haina Play Store, na bila intaneti inabaki na machache ya kufanya. Mahali penye intaneti ya kudumu, kwa mfano maktaba au mapokezi ya hoteli, inafaa. Kwa mwanafunzi anayenunua bando kwa siku, hapana.

Na zipo mashine za kuachwa zilivyo. Nina mteja mwenye plotter ya kukatia stika ambayo draiva zake ziliishia Windows 7. Mfumo huo haujapata masasisho ya kawaida tangu Januari 2020, na Chrome iliuaga mwanzoni mwa 2023 ikiwa toleo la 109. Nilichofanya ni kuzima kadi ya Wi-Fi na kuacha mashine ikate stika. Michoro inatengenezwa kwenye kompyuta nyingine na kupelekwa kwa flashi iliyotengwa kwa kazi hiyo tu.

"Kila tovuti inasema si salama"

Hapa watu huanza kulaumu mfumo kuwa wa zamani. Tazama saa na tarehe kwanza. Kama kompyuta inasema tuko 2009, betri ndogo ya ubao mama, mara nyingi CR2032, imekwisha. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta iliyo kwenye mwaka 2009 inaviona vyote kuwa bado havijaanza kutumika, inavikataa. Badilisha betri, weka tarehe, na tatizo limekwisha.

"Nimeweka Linux, Wi-Fi imepotea"

Laptop nyingi za HP na Dell za miaka ya 2008 hadi 2013, na MacBook za wakati huo, zina kadi ya Wi-Fi ya Broadcom. Kadi hizi hazifanyi kazi bila programu yake maalumu, ambayo kwa sababu za leseni haiji kila mara ndani ya flashi ya kusakinishia. Fungua dirisha la amri, andika `lspci -nn`, utafute mstari wenye Broadcom na BCM43. Ukiuona, huna haja ya kubadili mfumo.

Sasa utashushaje draiva ya intaneti bila intaneti? Chomeka simu yako kwa kebo ya USB, uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux itaiona simu kama waya wa mtandao, papo hapo, bila kusakinisha kitu. Kwenye Mint fungua Driver Manager, chagua draiva ya Broadcom, subiri, kisha uwashe upya. Kwenye Debian na MX, ambazo nazo ni aina za Linux, kifurushi kinaitwa `broadcom-sta-dkms`, au `firmware-b43-installer` kwa kadi za zamani zaidi. Nilipomfanyia mtu hivi mara ya kwanza alishangaa zaidi kwamba simu yake inaweza kazi hiyo kuliko kwamba Wi-Fi imerudi.

Ndiyo maana sisakinishi Linux kabla ya kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu nusu saa. Jaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa kioo, kamera, na kufunga kifuniko kisha kufungua. Kioo kikibaki cheusi tangu mwanzo, hasa kwenye mashine yenye NVIDIA ya zamani, bonyeza herufi E kwenye orodha ya kuwashia, ongeza neno `nomodeset` mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10.

"Mtihani wa kurasa nne umekuwa kurasa tano"

Turudi kwa mwalimu. Nilimwekea SSD na Mint, akafungua mtihani wake wa hesabu kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika badala ya Word, na swali la 12 likawa limehamia ukurasa wa tano, mchoro wa pembetatu umebaki peke yake juu. Aliniangalia kama mtu aliyedanganywa, na nilimwelewa.

Chanzo ni fonti. Faili liliandikwa kwa Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haimo kwenye Linux. LibreOffice ikichukua fonti nyingine yenye herufi pana kidogo, kila mstari unasogea, na baada ya kurasa nne umepata ukurasa wa ziada. Zipo fonti huru zilizotengenezwa makusudi ziwe na upana ule ule: Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria, Liberation Serif badala ya Times New Roman. Andika `sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`, funga LibreOffice, ifungue tena. Tulifanya hivyo, na swali la 12 likarudi mahali pake.

Angalizo kwa mafaili mapya: tangu 2023 Microsoft 365 huanza na fonti iitwayo Aptos, ambayo Carlito haiwezi kushika nafasi yake. Mwombe anayekutumia faili aweke Calibri, au akutumie PDF kama huhitaji kulihariri.

"Saa inakosea saa tatu kamili"

Hii inawapata wenye mifumo miwili kwenye diski moja. Ni saa nane mchana, unawasha Windows inakuambia saa tano asubuhi. Linux huandika saa ya ubao mama kwa muda wa UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Betri haina kosa hapa. Ukiwa Linux andika `timedatectl set-local-rtc 1`, mifumo itaelewana.

Kwa mashine hizo hizo, kama Linux inakuonyesha mafaili ya Windows lakini inakataa kuandika humo, Windows haikuzimika kabisa, ilijilaza tu. Ingia Windows, kwenye mipangilio ya umeme zima Fast Startup, kisha izime vizuri.

"Mafolda kwenye flashi yamekuwa shortcut"

Mafaili bado yamo, yamefichwa na kirusi. Flashi iliyopita stationery tatu ina nafasi kubwa ya kuwa nacho. Ichomeke kwenye mashine ya Linux: zile shortcut haziwezi kuendeshwa humo, na ukibonyeza Ctrl na H pamoja utayaona mengi ya yaliyofichwa. Nakili hati zako tu, kisha ifomati flashi. Kwenye Windows isiyo na maambukizi, kama flashi imekaa E, amri ni `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`. Ofisi inayopokea flashi za watu kutwa nzima ingefaa iwe na kompyuta moja kuukuu yenye Linux ya kuzifungulia, hata ya GB 2.

Zile za biti 32

Mfumo ukisema prosesa si sahihi au haitambui biti 64, una Atom au Pentium ya zamani. Uwanja umekuwa mdogo: Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Debian 12 ipo hadi katikati ya 2028, na antiX, Linux nyepesi, ina matoleo yaliyojengwa juu yake yanayozihudumia. Zitumie kuandika na kusikiliza muziki, si kwa mtandao wa leo wenye kurasa nzito. Mzazi akinitaka nimwekee mtoto, naweka, nikikumbuka Kilinux, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004 kwenye kompyuta za kiwango hiki hiki.

"Printa imeonekana lakini haichapi"

Shule ya mwalimu ina HP LaserJet P1102. Printa hii, kama ndugu yake 1020, kwenye Linux haichapi bila programu-jalizi ya HP yenye leseni yake. Inabidi uishushe mwenyewe. Linux inaiona, inapokea kazi, na karatasi haitoki. Chomeka intaneti, andika `hp-plugin`, kubali leseni, zima printa na uiwashe tena. Kwa Canon LBP2900 mambo ni magumu zaidi, kwa sababu inatumia lugha yake yenyewe iitwayo CAPT na draiva yake ya Linux ni ya zamani. Mwenye printa hiyo, na uchapaji ndiyo riziki yake, simwondoi kwenye Windows.

Nilimwandikia mwalimu kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mkoba wa laptop: HPLIP (programu ya printa za HP kwenye Linux) ikisasishwa, endesha `hp-plugin` tena, kwa sababu matoleo ya hivyo viwili lazima yalingane. Na fanya masasisho Ijumaa shule ikifungwa, usifanye asubuhi ya mtihani.